Mjomba na Koti la Masikio ya Sungura
Kunming, mji mkuu wa jimbo la Yunnan nchini China, uko karibu sana na Tropiki ya Kansa, lakini umepanda hadi kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana Julai yake haiunguzi, na Januari yake, jua likiwaka, humfanya mtu avue sweta adhuhuri. Hayo ndiyo niliyomweleza mjomba wangu, mfanyabiashara wa Guangzhou, aliponipigia simu kuuliza kama abebe jaketi atakapokuja kunitembelea. Nilimwambia asijitwishe mzigo.

Asubuhi ya safari yake anga lilikuwa jeupe, na shakwe waliokimbia baridi ya Siberia walikuwa wakigombea mikate ya watu katika bustani ya Cuihu. Nikafua kila vazi zito nililokuwa nalo, nikalianika roshani.

Wanaousifu mji huu husahau kusema kwamba joto lake la kipupwe ni mali ya jua. Hewa baridi itokayo kaskazini-mashariki mara nyingi huzuiwa na milima ya upande wa jimbo jirani la Guizhou, lakini ikipenya na mvua ikaandamana nayo, ndani ya saa chache mji mzima hutetemeka, na nyumbani hakuna nafuu, kwa kuwa mitambo ya kupasha joto majengo iliwekwa kwa ajili ya miji iliyo kaskazini ya Mto Huai. Siku hiyo ilipenya alasiri. Sweta zangu zikalowa upya.

Mjomba aliwasili na shati la mikono mifupi lenye picha za minazi.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Ma-ma-marahaba.”

Mama mwenye nyumba alituonea huruma, akatuletea pajama nene za pamba, zile ambazo watu wengi wa kusini mwa China huvaa nyumbani wakati wa baridi. Zilikuwa za rangi ya waridi, na kofia ya koti ilikuwa na masikio mawili ya sungura. Jozi ilikuwa moja tu. Kwa kuchunga heshima nilimpa mjomba koti, nami nikabaki na suruali iliyoishia chini kidogo ya magoti. Mjomba, ambaye kwao Tanga haendi hata dukani bila kuchomekea shati, alijitazama kiooni kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mama yangu anajua amezaa mtu wa namna gani.

Tukaenda kula tambi za mchele za huko. Supu yake ya kuku hufunikwa na utando wa mafuta unaozuia mvuke na kulifungia joto lote chini, jambo ambalo nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kinywa kumweleza.

“Hata supu yao imepoa!” alinung’unika, akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili na kupiga funda kubwa.

Wateja wote waligeuka kutazama lile koti likirukaruka. Na kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye treni, mjomba alikiri kwamba anasikia joto.