Mgonjwa wa moyo apimwe na mkojo

Makala niliyoisoma kuhusu moyo na figo inasema mgonjwa wa moyo mwenye ugonjwa sugu wa figo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa tena na kufariki. Ni kweli, na inaniuma. Baba yangu alitibiwa moyo miaka mingi bila kupimwa mkojo, ilhali albumini (aina ya protini) kwenye mkojo hufichua madhara ya figo mapema, hata kreatinini (taka ya damuni inayopimwa kujua kazi ya figo) ikiwa bado ya kawaida. Figo zikichoka, maji na chumvi hubaki mwilini, presha hupanda, damu hupungua, mishipa hukakamaa. Mzigo wote huo unaubeba moyo uliokwisha kudhoofika. Wengi hufa kwa moyo kabla hata ya kufikia dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Mwandishi, tafadhali gusia pia dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo huumiza moyo na figo pia.