Kidonda cha Chenga ya Mchele

Hivi nani aliwaambia madereva wa malori ya kokoto kwamba turubai ni pambo? Leo asubuhi, Kibamba, niko nyuma ya lori linalotoka Lugoba. Limejaa mpaka pomoni, na turubai limekunjwa kule mbele vizuri kama shuka la mgeni. Tuta moja tu. Ngo! Kokoto limekosa kioo changu kwa upana wa kidole, likatua ukingoni mwa paa.

Nikashuka hapohapo kwenye foleni. Walio nyuma wakapiga honi, mmoja akamtaja mama yangu kwa jambo ambalo mama hawezi kulifanya kwa umri wake. Sikujali. Nilikuwa nalitazama bati jeupe linachungulia. Kidonda chenyewe si hata punje ya mchele, ni chenga.

Najua mtasema. Mtu unayeshindia mihogo, gari la spoti la nini? Toyota Celica ya 2003, milango miwili, nililipata kwa kijana aliyekuwa na haraka ya kuhama mji, kwa bei ya haraka hiyohiyo. Kasoro yake moja: ni jekundu, na mimi ni Yanga tangu tumboni. Jirani yangu kila akiniona naliosha anapita taratibu: "Mnyama, umeamkaje?" Nanyamaza. Nyekundu hii inanidhalilisha, lakini ni yangu, na kutu haiili bila mimi kupigana.

Na nimepigana. Nilinunua koti la gari, paka akazalia humo. Nikahamia kivulini chini ya mwembe, kunguru wakaniona nimewajengea choo. Nikaenda kwa wale wanaobandika plastiki ya kuzuia mawe. Alipotaja bei nikamuuliza kama injini imo.

Kwa kidonda hiki nilikuwa na mpango wa kiungwana. Namba ya rangi ninayo, 3P0, iko kwenye kibati cha kiwandani. Unanunua rangi kidogo, unasafisha, unagusia kwa kijiti cha meno, tabaka jembamba, unasubiri, jingine, unasubiri. Duka la kuchanganya rangi likaniambia kipimo cha chini ni robo lita. Robo lita! Mimi nataka tone, ninyi mnataka nipake nyumba.

Ndipo nikaenda kwa fundi rangi, chini ya mwarobaini.

"Fundi, nataka hapa tu."

Akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama mkwe anayekagua posa. "Bosi, hii siyo kazi ya hapa tu."

"Ni chenga ya mchele, fundi. Elfu kumi na tano."

"Chenga ndiyo unayoiona wewe."

Nikamtolea namba yangu kwa heshima zote. Akaisoma, akacheka. "Hii ni nyekundu ya siku limetoka kiwandani. Jua limeila miaka ishirini. Ukichanganya kwa namba, bosi, hapo patawaka kama kitambaa kipya kwenye suruali kuukuu." Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi.

Akaleta kopo la maziwa ya unga, akamimina nyekundu, akatia tone la nyeusi. Halafu njano. Matone matatu. Nikatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kibamba. Kumbe ndani ya nyekundu yao sisi tumo! Nikageuka nimtafute mtu wa kumwambia, na katika kule kugeuka fundi akashika msasa. Niliporudisha macho, chenga ilikuwa sahani.

"Fundi!"

"Kidonda lazima kilainishwe ukingo, bosi. La sivyo kidole kitakigundua."

"Kidole cha nani kitapanda huko juu?"

Hakunijibu. Akafunika vioo kwa magazeti ya michezo, na kati ya kurasa zote alizokuwa nazo akachagua ile ya Simba wameshinda, akaibandika upande wangu wa dereva. Sasa, anasema, paa halina pa kukomea. Boneti ina mwisho, mlango una mwisho, lakini ukipiga rangi nusu ya paa mstari utaonekana mpaka Chalinze. Kwa hiyo paa zima. Na paa likishang'aa, boneti itaona aibu. Na boneti, bosi, fenda zake ni watoto wake. Kufikia hapo elfu kumi na tano yangu ilikuwa laki na themanini, na mimi nimesimama naitikia "sawa, sawa" kama bwana harusi kanisani.

Kompresa ikanguruma. Kulia kwetu mama ntilie anakaanga samaki, kushoto bajaji inageuza kwenye vumbi, juu mwarobaini unapukutisha majani, na katikati fundi anapuliza rangi kwa utulivu wa daktari. Nzi akatua. Nikanyoosha mkono.

"Usimguse! Ukimtoa rangi ikiwa mbichi utachimba shimo. Mwache akauke, tutamsaga na msasa."

Nikamtazama nzi yule akikanyaga mara ya mwisho. Alikuwa anaonekana Simba kabisa.

Umeme ukakatika. Paa nusu linameremeta, nusu limechubuliwa kama goti la mtoto. Fundi akakaa juu ya tairi, akawasha redio ya simu. "Utarudi tu." Lini, hakusema.

Basi nikaenda kula. Wali maharage. Tonge la tatu, ngo! Jino. Nimelipapasa kwa ulimi, limemeguka kaukingo.

"Mama, humu kuna kokoto!"

"Baba, kwa wali wa elfu mbili ulitaka nini, pilau?"

Mchele siku hizi haupepetwi, watu wanamimina kutoka mfukoni hadi sufuriani kama saruji. Nyumbani kwetu sisi bado tunapepeta. Tulikuwa tunapepeta. Ungo wa mama watoto ulikuwa unatosha kabisa kukinga paa pale chini ya kunguru, ukifungwa na kamba, na wiki mbili zile alipokuwa anautafuta mimi nilisaidia kutafuta.