Mashimo Meusi na Fumbo la Metali za Ajabu: Holografia Inatufikisha Wapi?

Katika metali za kawaida, elektroni huweza kuhesabiwa kana kwamba kila moja inakwenda peke yake, ingawa zinasukumana. Katika metali za ajabu, zikiwamo oksidi za shaba ambazo uwezo wake wa kupitisha umeme bila ukinzani zikipozwa vya kutosha uligunduliwa mwaka 1986, hesabu hiyo hugoma: ukinzani hupanda sambamba na halijoto, na hakuna chembe moja moja ya kufuatilia. Baadhi ya wanafizikia wamekimbilia uwili wa holografia, uliotokana na hoja ya mwanafizikia Juan Maldacena ya mwaka 1997 kwamba nadharia fulani ya kwanta isiyo na mvutano (graviti) ni sawa kabisa na nadharia ya mvutano yenye dimensheni zaidi. Chembe zinapoathiriana kwa nguvu mno upande mmoja, upande wa pili hesabu huwa nyepesi, na halijoto ya maada huwa halijoto ya shimo jeusi.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni mnato. Mwaka 2005 wanafizikia Kovtun, Son na Starinets, wakitumia hesabu za mashimo meusi, walidokeza kwamba uwiano wa mnato na msongamano wa entropia (kipimo cha vurugu ya chembe) haushuki chini ya 1/4π katika vizio vya asili, yaani vizio ambamo viwango vya msingi vya fizikia huhesabiwa kuwa 1, na kimiminika cha kwaki na gluoni, chembe zinazounda protoni na nyutroni, kilichozalishwa Brookhaven, Marekani, kwa kugonganisha viini vya dhahabu kilionekana kukaribia kiwango hicho. (Baadaye ilibainika kwamba mvutano ukirekebishwa kidogo, kikomo hicho huvukwa.) Kwangu mimi sifa kubwa zaidi ni suala la muda. Mbinu za Monte Carlo, yaani za kukokotoa kwa sampuli za nasibu, hukwama zinapotakiwa kufuata maada ya namna hii inavyobadilika, ilhali anayetupia shimo jeusi wimbi na kutazama linavyomezwa hupata jibu moja kwa moja.

Hata hivyo, nadharia zinazohesabika hivyo zina idadi kubwa mno ya viambajengo, wakati elektroni ina hali mbili tu za spini na imo ndani ya mpangilio wa atomi. Mpangilio huo si jambo dogo: usipouweka, momentamu haipotei na upitishaji umeme hukosa kikomo, ukiuweka, ukinzani unaotakiwa mara nyingi hupatikana kwa sababu mtunga modeli amechagua vigezo vinavyoutoa. Philip Anderson, mshindi wa Nobel wa mwaka 1977, aliipinga njia hii hadharani, na kuhusu oksidi za shaba naona pingamizi la namna hiyo halijajibiwa.

Modeli ya chembe za kwanta ya wanafizikia Sachdev na Ye ya mwaka 1993, iliyorahisishwa na mwenzao Kitaev mwaka 2015, inanivutia zaidi, kwa kuwa hutatuliwa upande wa kwanta wenyewe na bado huonyesha tabia za shimo jeusi. Kasoro yake ni kwamba kila chembe huathiri nyingine zote kwa nguvu za nasibu, hivyo umbali haumo. Anayetaka kujua jinsi chaji inavyosafiri lazima aunganishe nakala zake nyingi, na huko ndiko ningeelekeza juhudi kabla ya kubuni shimo jeusi jingine kwa ajili ya kila metali.