Mheshimiwa, Hapo Usinipingie

Jumamosi iliyopita nilikuwa mazishini Yala. Kama wewe ni wa huku kwetu unajua ratiba: mwili unashushwa saa nane, lakini kuanzia saa nne ni siasa tupu. Mheshimiwa mmoja wa upinzani akapewa maikrofoni, akatusalimu kwa Kidholuo, akawatania wakwe, kisha akatangaza kwamba mswada wowote wa serikali hii unaogusa mambo ya mikopo, yeye na wenzake watauangusha. "Hata kabla ya kuusoma!" Hema likalipuka kwa makofi. Mimi pia nilipiga. Mtu wa Kisumu akisikia neno "kupinga", viganja hukutana vyenyewe. Ni urithi, tumeubeba tangu Jaramogi Oginga Odinga aanzishe chama cha upinzani cha KPU 1966.

Makofi hayajaisha, simu yangu ikaita. Namba ngeni. Dada mwenye upole wa kutisha ananiuliza kama namjua fulani. Fulani ni fundi aliyenitengenezea friji miaka mitatu iliyopita. Kumbe amekopa kwenye simu, hajalipa, na namba yangu iko kwenye simu yake, kwa hiyo nimkumbushe aheshimu deni. Nikamwambia niko mazishini. Akanipa pole za msiba, kisha akauliza nitampata fundi saa ngapi.

Hapo ndipo mikono iliponiwia mizito.

Tuelewane. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, nilikuwa nao, kwa roho na kwa miguu, hadi moshi wa vitoa machozi uliponikumbusha umri wangu. Mswada ule ulikuwa unaingiza mkono mfukoni mwangu. Lakini mswada wa kumfunga kamba anayenikopesha ni mnyama mwingine kabisa, na wanasiasa wetu wana droo moja tu: ya serikali, tupa.

Na mahali penyewe pa kusemea! Yala iko Gem. Joe Donde alikuwa mbunge wa Gem. Hakuwa waziri, wala serikali ya Moi haikumtuma, lakini 2000 alilisukuma Bunge mpaka likapitisha sheria kwamba riba ya mkopo isizidi pointi 4 juu ya riba ya hati za serikali za siku 91, yaani riba ambayo serikali yenyewe hulipa ikikopa. Mabenki yakakimbilia mahakamani na sheria ikabatilishwa. Mzee niliyeketi naye alikumbuka enzi hizo. Alisema jina la Donde lilitajwa sokoni kama jina la mchezaji wa Gor Mahia. Hata sheria ya 2021 iliyowaleta wanaokopesha pesa kupitia simu chini ya Benki Kuu ilipita kwenye kamati ya fedha iliyoongozwa na Gladys Wanga, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Homa Bay. Yaani kumbana mkopeshaji ni kazi ya watu wa huku. Sasa mtoto anasimama kwenye boma la babu yake na kutangaza kwamba ataling'oa lango, na sisi tunamshangilia.

Mpwa wangu ni wa bodaboda, steji ya Kondele. Alichukua simu ya mkopo: kianzio 3,000, kisha 65 kila siku kwa mwaka mzima. Dukani simu ile ile ni 12,000. Piga hesabu, mimi nilipiga mara mbili kwa sababu sikuamini: 26,725. Wiki ya mvua abiria wakapungua, akakosa kulipa siku mbili, simu ikajifunga. Nimeishika mwenyewe mkononi. Kioo cheusi, maandishi meupe, namba ya kulipia, na ruhusa ya kupiga simu ya dharura tu. Abiria wake wanalipa kwa simu na wateja wake wa kila siku humwita kwa simu. Kwa hiyo amefungiwa jembe, kisha anaambiwa alime ili alipe jembe. Kijana hana habari na majina ya miswada. Anachojua ni kwamba kuna mtu anaweza kuizima riziki yake akiwa ofisini, na hakuna wa kumwambia "hapo umezidi".

Sasa mheshimiwa, fikiria kisiasa tu, tuweke huruma kando. Leo kijana huyu ana hasira na serikali. Hasira hiyo ni mtaji wako wote. Huna kingine, huna hata barabara ya kuonyesha. Siku utakayouangusha mswada, hasira inahama. Serikali itakuja hapa Jomo Kenyatta Ground na wimbo mtamu: tulitaka kuwakinga, wenu wakakataa. Hata kama mswada ulikuwa mbovu, hata kama waliuleta wakijua utauangusha, kuanzia siku hiyo kila simu ya mdai itakuwa na sura yako. Halafu watu wataanza kuuliza ni nani anayekuwekea mafuta kwenye yale magari manane ya msafara wako. Sisemi ni wakopeshaji. Nasema wataanza kuuliza.

Wamarekani walilipitia hili 2010. Uchumi ulikuwa umeanguka 2008, watu wamepoteza nyumba, na serikali ya Obama ikaleta mswada wa kuibana Wall Street, yaani mabenki yao makubwa. Republican, wakiwa upinzani, walikuwa na maseneta 41, idadi inayotosha kabisa kuzuia mjadala. Tangu Januari mshauri wao wa maneno, Frank Luntz, alikuwa amewaandikia waraka: uiteni mswada wa kuyaokoa mabenki. Kamba ya kumfungia fisi, wao wanaiita mfupa wa fisi! Aprili 26 wakazuia mjadala. Siku ya pili wakarudia, siku hiyo hiyo wakuu wa benki ya Goldman Sachs wakihojiwa mbele ya kamati ya Seneti, nchi nzima ikitazama. Siku ya tatu wakazuia tena, kisha wakaachia. Hakuna aliyetaka picha yake iwekwe kando ya ile ya mabwana wa Goldman. Julai 21 Obama akatia saini.

Najua mjuaji mmoja ataniandikia kwamba Novemba mwaka huo huo Republican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Kweli, na hoja hiyo inaniuma. Lakini waliachia baada ya siku tatu, na mpiga kura alikuwa na ukosefu wa kazi wa zaidi ya asilimia 9 kichwani. Wangekaza shingo mpaka Novemba ndipo tungejua.

Na sawa, si kila sheria ya kubana ni dawa. Ile ya 2016, ya kuweka riba kikomo cha pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, iliyafanya mabenki yaikopeshe serikali na kumwambia mama mboga arudi kesho. Basi rekebisha! Leta marekebisho, kesha kwenye kamati, piga kelele kifungu kwa kifungu. Hiyo pia ni kupinga. 2019 Rais alipotaka kikomo kiondolewe, zilihitajika kura 233 kumkatalia. Waheshimiwa waliokuwa ukumbini siku hiyo hawakufika hata idadi hiyo. Makofi ya mazishini hayakosi akidi.

Isitoshe, tangu Agosti 2024 Hazina, yaani wizara ya fedha, iko kwa John Mbadi, ambaye hadi 2022 alikuwa kiongozi wa wachache, yaani wa upinzani, Bungeni. Viti huzunguka, bwana.

Baada ya kuzika nilimsogelea msaidizi wa mheshimiwa pale kwenye magari. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama mkubwa wake anajua simu za mkopo hujifunga baada ya siku ngapi. Akanitazama kama mtu aliyelewa mchana. "Omera, wewe uko na serikali siku hizi?" Nikamwambia niko na mpwa wangu. Akacheka, akaandika namba yangu, akasema mheshimiwa mwenyewe atanipigia wiki hii tuongee vizuri.

Leo ni Alhamisi. Nimepigiwa mara nne, na zote ni yule dada wa mkopo wa fundi.