Hudi inang'aa, ila ndani ya dakti je?

Mimi naona kwenye jikoni za biashara tunasafisha macho yanapofika tu alafu tunasema kazi imeisha. Ile hudi, kofia kubwa ya bati juu ya majiko, inasuguliwa kila siku mpaka inang'aa, mgeni akichungulia anasifia na bosi anaridhika. Sasa chukua ngazi, hakikisha majiko yamezimwa na yamepoa, toa filta moja, mulika tochi juu kwenye dakti, yaani ile njia ya bati inayotoa moshi nje, pitisha kidole. Kikirudi na mafuta ya kahawia yanayonata mpaka kitambaa kikavu hakiyatoi, basi wapishi wako wanafanya kazi chini ya mafuta yanayosubiri cheche.

Wengi wanaamini filta inadaka kila kitu, na hapo ndo tunapokosea. Filta hata ile nzuri ya mabati yaliyopangwa hewa ikate kona inadaka matone, ila sehemu ya mvuke wa mafuta inapita, inapanda, inakutana na bati lenye ubaridi na kugandia hukohuko, leo tabaka jembamba, kesho lingine juu yake. Siku moto ukiruka kutoka kwenye kikaango ukapita filta unakuta mafuta tayari, unakimbilia juu mpaka kwenye feni inayovuta moshi, na huku chini mtu kashafunika kikaango anadhani yameisha.

Swali la mara ngapi usafishe halina jibu moja. Marekani wana kanuni ya NFPA 96, ya shirika lao la kujikinga na moto, ambayo naipenda kwa sababu inaangalia unapika nini na kwa wingi gani: jiko la kuni au mkaa likaguliwe kila mwezi, linalopika kwa wingi kama la saa 24 kila miezi 3, la wastani miezi 6, linalowashwa mara chache likaguliwe mara moja kwa mwaka, na ukaguzi ukikuta mafuta yamejikusanya unasafisha. Uingereza mwongozo wao wa TR19 unataka unene wa mafuta ndani ya dakti kwa wastani usizidi mikroni 200, ambayo ni sehemu ya tano ya milimita, yaani unene wa karatasi mbili hivi. Karatasi mbili tu! Mtu anayekwambia tulisafisha mwaka jana na kila siku anakaanga kuanzia asubuhi mpaka usiku, huo mpango mimi siukubali kabisa.

Feni nayo inasahaulika kwa sababu iko juu ya paa. Mafuta yakishika mapanga yake upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwingine, feni inatetemeka, bearingi zinakufa, mkanda ukilegea nao nguvu ya kuvuta inapungua na moshi unaanza kumwagika pembeni ya hudi. Mlango wa jikoni ukiwa mgumu kufungua kama kuna mtu kaushikilia upande wa pili, jua hewa inayoingia ni ndogo kuliko inayotolewa, na kama unatumia gesi hilo usilichukulie poa maana gesi ikiungua bila hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Alafu hili linaniuma kweli. Mpishi kaosha vyombo, kapiga deki, usiku umeenda, anaambiwa apande paani na ndoo ya sabuni akaoshe feni. Hapana jamani. Filta ni sawa, zioshwe kila siku kama mnakaanga sana, ila msitumie sabuni ya magadi makali kwenye filta za alumini, itazila mpaka zitoboke. Dakti na feni ni kazi ya fundi aliyefunzwa, umeme ukatwe na swichi ifungwe asije mtu akaiwasha. Fundi huyo anatakiwa ajue pia mfumo wa kuzima moto ulioko ndani ya hudi, kwa sababu kile kiungo kinachoyeyuka kwa joto kuuamsha kikishavikwa mafuta kinachelewa, na pua zake zikiziba dawa haitoki inavyotakiwa.

Akimaliza usimlipe kwa kuangalia hudi inavyong'aa. Dai picha za ndani, kabla na baada, kila kona ya dakti na feni yenyewe, na aandike sehemu ambazo hakufika, mwaminifu ataandika tu. Akisema kona fulani haifikiki kwa sababu hakuna mlango wa ukaguzi, mwite mtaalamu wa dakti aukate na auzibe vizuri kusivuje mafuta wala moshi, kabla zamu nyingine ya usafi haijafika.