Fundi, waya ya taa na ya breki haziungwi pamoja

Nitasema tu vile iko: hizi taa za LED tunafungisha nyuma ya nduthi, yaani pikipiki, hapa Nairobi, nyingi zimeungwa vibaya, na ni hatari jamani. Mimi nilibeba moja kama miezi miwili. Niliinunua Luthuli, nikafungiwa Kirinyaga Road nikingoja, nikaondoka nimefurahi, kumbe fundi alichukua waya ya taa na ya breki akazifunga zote kwa ile waya nyekundu moja ya LED, yaani usiku taa inawaka kwa nguvu zote na ukishika breki haibadiliki hata kidogo. Dalili nilikuwa nayo mchana, nikishika breki taa za dashi nazo zinawaka, lakini sikuitilia maanani.

Nilijua usiku mmoja wa mvua pale Roysambu, matatu ikasimama kwa kelele nyuma yangu, makanga akatoa kichwa, "We boss, mbona huonyeshi unasimama?" Nilitetemeka hadi nyumbani.

Sikizeni, balbu ya kawaida ya nyuma iko na nyuzi mbili ndani, moja wati 5 ya taa, ingine wati 21 ya breki, na hiyo tofauti ndiyo dereva wa nyuma anasoma. Kwa hivyo kama hiyo LED itafanya kazi zote mbili, itisha ya waya tatu: eathi (ile ya kurudisha umeme), taa, breki. Ya waya mbili usikubali iungwe kotekote, hata fundi akikuapia. Na asifuate rangi tu, Honda nyingi kijani ndiyo eathi, pikipiki ingine kijani ni kitu tofauti kabisa, apime kwanza na taa ya kupimia.

Nilipotoa tepu nilipata waya zimesokotwa tu na vidole, shaba imegeuka kijani, matope hadi ndani. Hapo chini ya madigadi maji hayakosi na nduthi inatingika siku nzima, si lazima zitaachana? Zichomwe solda, zivalishwe kale kampira kanajikaza kakipata moto.

Usilipe kabla hujaona breki ya mkono na ya mguu zikiwasha, kila moja ina swichi yake, na taa ya usiku ikiwa on. Mimi siku hizi kabla kupambazuke nasogeza nduthi nyuma hadi karibu na geti, nabonyeza mkono, kisha mguu, nikiangalia ule wekundu ukiongezeka kwa mabati.