Mdalasini wa Muheza kwa mgonjwa wa kisukari: kiungo au dawa?

Mdalasini unaoshuka Tanga mjini kutoka Amani na vijiji vya Muheza hauishii kwenye pilau na chai tena. Husagwa ukatiwa koponi, na mnunuzi huambiwa: kijiko asubuhi, kijiko jioni, sukari itashuka.

Wanaoutetea wana pa kushika. Utafiti wa Pakistan wa mwaka 2003 uliwapa wagonjwa gramu 1, 3 au 6 kwa siku. Baada ya siku 40 sukari yao kabla ya kula ilishuka kwa asilimia 18 hadi 29. Ila washiriki walikuwa 60 tu, na nusu yao hawakupewa mdalasini. Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ilipokusanya majaribio 10 yenye watu 577, haikuona ushahidi wa kutosha kwamba mdalasini hushusha sukari.

Kudharau miti shamba kwa jumla nako ni kukosea. Metformini, kidonge cha kisukari kilichoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957, chimbuko lake ni mmea uitwao galega. Lakini kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 500. Kopo je?

Mdalasini wa Kichina, yaani kasia, una kumarini, kemikali ya asili ambayo huumiza ini la baadhi ya watu. Kikomo cha kumarini cha Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni miligramu 6, nazo hupatikana kwenye kasia ya gramu 2 hivi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa tayari kina kama gramu 2.5. Mdalasini wa Seiloni, yaani Sri Lanka, una kumarini kidogo mno. Gome lake ni tabaka nyingi nyembamba zinazovunjika kwa vidole, la kasia ni tabaka moja nene na gumu, ingawa gome la shina lililozeeka huwa nene hata kwa aina nzuri. Ukishasagwa, macho hayasaidii. Nunua gome, usage mwenyewe.

Hatari ya haraka zaidi humkabili anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akaongeza mdalasini kisha akakosa mlo. Sukari hushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, apimwe sukari tena baada ya dakika 15.

Anayetaka kujaribu amwambie daktari, asipunguze vidonge, apime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kabla na baada ya miezi mitatu. Na asianze mdalasini siku ileile anayoacha vitumbua na chai ya sukari, maana hatajua kipi kimemsaidia.